Kabla ya kushangilia umri wa kuishi, uliza nani amekufa

Mwaka 2019, kabla korona haijavuruga hesabu za dunia, Japani ilipoteza watu takriban 11 katika kila wakazi 1,000. Makadirio ya Tanzania ya mwaka huohuo hayafiki 8. Anayesoma namba hizo bila kuuliza lolote atasema Tanzania ina afya kuliko Japani, na pengine atamshauri Mjapani ahamie Singida akajiongezee siku. Lakini Japani imejaa wazee, Tanzania imejaa watoto. Nusu ya Watanzania wana miaka 18 hivi kushuka chini. Nusu ya Wajapani wameshavuka 45. Penye wazee wengi misiba itakuwa mingi hata kama kila mmoja wao anatibiwa vizuri, na penye vijana wengi misiba itakuwa michache hata kama zahanati haina dawa.

Ndiyo maana wataalamu wa idadi ya watu hawalinganishi nchi kwa kuhesabu misiba tu. Wana kipimo kingine ambacho sote tumekisikia redioni: wastani wa umri wa kuishi. Ripoti ikitoka, mawaziri hukitaja kwa fahari, wapinzani hukitaja kwa hasira, na sisi wengine tunabaki kujiuliza: kama wastani ni 66 na mzee wetu ana 64, ndiyo kusema amebakiza miwili?

La hasha. Kipimo hiki si utabiri wa mtu yeyote. Mtaalamu huchukua vifo vya mwaka mmoja na kuvipanga kwa umri: wachanga wangapi walikufa kabla ya mwezi wa kwanza, vijana wangapi kati ya 20 na 25, wazee wangapi baada ya 80. Kisha huuliza swali la kufikirika. Mtoto aliyezaliwa leo, kama angekua akikutana katika kila umri na hatari zilezile za mwaka huu, kwa wastani angefika miaka mingapi? Mtoto huyo hayupo, kwa sababu hakuna anayeishi maisha yake yote ndani ya mwaka mmoja. Atakapofika 40 dunia itakuwa imebadilika, kwa wema au kwa ubaya.

Mfano mzito kuliko yote uko jirani. Kwa mwaka 1994, makadirio ya Umoja wa Mataifa yanaiweka Rwanda chini ya miaka 20. Wengi wa waliozaliwa Rwanda mwaka ule leo ni watu wazima, wana kazi na wana familia. Namba ile haikuwahusu wao hata kidogo. Ilikuwa inasimulia mauaji ya kimbari, kambi za wakimbizi na kipindupindu. Umri wa kuishi ni taarifa ya vifo vya mwaka fulani, iliyoandikwa kwa lugha ya maisha.

Na huyo mzee wa miaka 64? Ameshavuka utoto, ambako wengi wa rika lake walibaki. Ameshavuka ujana wa ajali na miaka mibaya ya UKIMWI. Wastani wa 66 umewabeba hata waliokufa wakiwa na siku tatu. Yeye aliyefika hapo alipo bado ana zaidi ya miaka kumi mbele yake kwa hesabu ya wastani.

Kote nitakakopita katika makala hii nitarudi kwenye hesabu moja ndogo, kwa hiyo tuifanye sasa. Chukua watoto kumi. Watatu wanakufa wakiwa na mwaka mmoja, saba wanafika 70. Jumla ya miaka yao ni 493, wastani ni 49 na kitu. Hakuna hata mmoja aliyekufa akiwa na 49. Sasa tuokoe wale watatu, nao wafike 70 kama wenzao: wastani unaruka hadi 70. Lakini kama tungewaacha watatu wale wafe na badala yake tukawaongezea wazee wote saba miaka mitano kila mmoja, kwa hospitali kubwa na mashine za bei mbaya, wastani ungefika 52 na pointi nane. Miaka mitatu na nusu tu, dhidi ya miaka zaidi ya 20.

Hesabu hii peke yake inafuta ule usemi kwamba zamani watu walikuwa wakizeeka wakiwa na 35. Mwaka 1900 wastani wa dunia ulikuwa kwenye miaka ya thelathini na kidogo, ni kweli, lakini wazee walikuwepo, vikongwe walikuwepo, na mabibi walilea wajukuu. Waliokosekana ni wale waliozikwa kabla ya kujua kutembea.

Miaka ya bei nafuu

Sehemu kubwa ya kupanda kwa umri wa kuishi Afrika Mashariki katika miaka 25 iliyopita imetoka kwa hao wadogo. Tafiti za afya za Tanzania zinaonyesha kwamba mwaka 1999, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Kufikia utafiti wa 2022 walikuwa 43. Kenya ilitoka 115 mwaka 2003 ikafika 41 mwaka 2022. Rwanda ndiyo inayotia kizunguzungu: 196 mwaka 2000, na 45 ilipofika 2020, katika nchi ambayo hospitali zake na wauguzi wake walikuwa wameangamizwa miaka sita tu kabla ya namba ya kwanza kuandikwa.

Hakuna siri kubwa katika orodha ya waliyofanya: chanjo, vyandarua vyenye dawa, dawa mseto ya malaria badala ya klorokwini iliyokuwa imeshindwa, chumvi na sukari ya kuzuia mtoto wa kuhara asikauke maji, vitamini A, na kuzuia mama asimwambukize mtoto VVU. Rwanda iliongeza mambo mawili: bima ya jamii inayofika hadi kijijini, na wahudumu wa afya wa vijiji, makumi ya maelfu, wanaochaguliwa na majirani zao. Anayepima homa ya mtoto saa mbili usiku huko hayuko hospitali ya wilaya. Yuko nyumba ya tatu.

Nimesema bei nafuu, na sisemi kwamba ilikuwa kazi rahisi. Ninachosema ni kwamba shilingi inayotumika kwa mtoto wa mwaka mmoja hununua miaka mingi zaidi kuliko inayotumika popote pengine. Nchi maskini iliyojipanga inaweza kupanda haraka sana katika hatua hii, bila kusubiri itajirike. Mtafiti wa Marekani, Samuel Preston, alichora mwaka 1975 mchoro wa nchi kwa kipato na umri wa kuishi. Aliona kwamba mstari hupanda wima kwa nchi maskini na kulala kwa nchi tajiri. Lakini lililomshtua ni kwamba mstari mzima ulikuwa ukisogea juu kadiri miaka inavyokwenda: kwa kipato kilekile, nchi ya 1960 iliishi muda mrefu kuliko nchi ya 1930. Yaani maarifa na mipango vilikuwa vikifanya kazi ambayo fedha peke yake haikuifanya.

Pale wanaokufa ni watu wazima

Botswana ilifanya karibu kila kitu sawasawa. Ilipata almasi na haikuzitafuna, ikajenga shule na barabara, ikafanya uchaguzi, ikachanja watoto. Mwishoni mwa miaka ya 1980 umri wake wa kuishi ulikuwa miongoni mwa mizuri barani. Miaka kumi na kitu baadaye ulikuwa chini ya 50, na uchumi wake ulikuwa bado unakua. Ukitaka nchi moja ya kumwonyesha mtu anayeamini kwamba pato la taifa likipanda afya itajifuata yenyewe, hiyo hapo.

UKIMWI haukuua kama malaria inavyoua. Uliwachukua wenye miaka 25 hadi 45, walimu, madereva, mama wenye watoto watatu. Rais Festus Mogae alisema hadharani kuwa taifa lake lilikabiliwa na hatari ya kutoweka, na mwaka 2002 serikali yake ikaanza kugawa dawa za ARV bure kupitia mpango wa kitaifa, kabla ya nchi nyingine yoyote ya Afrika kufanya hivyo kwa kiwango kile. Umri wa kuishi ulipanda tena na kuvuka 60. Wengi wetu tuliishi toleo letu la hadithi hiyo. Kenya ilishuka kutoka karibu 60 mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi miaka ya hamsini na kidogo ilipofika 2000, ikarudi. Tanzania haikuporomoka sana, ila kwa muongo mzima haikupanda, jambo ambalo ni hasara ileile iliyovaa nguo nyingine.

Tofauti ni nani alilipa. Botswana ilikuwa na almasi. Kenya, Tanzania na Uganda zilipanda kwa sehemu kubwa kwa fedha za Mfuko wa Dunia ulioanza 2002 na mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, PEPFAR, ulioanza 2003. Januari 2025, serikali mpya ya Marekani iliposimamisha ghafla misaada yake ya nje, kliniki zilianza kuwarudisha nyumbani wafanyakazi ambao mishahara yao haikuwa kwenye bajeti ya nchi yoyote ya hapa. Viongozi wa Afrika walikubaliana Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Nchi nyingi hazijawahi kufika hapo, hata kwa mwaka mmoja.

Urusi ni somo la namna nyingine, nalo napenda kulisimulia polepole kwa sababu kila mtu hulikata pale panapomfaa. Mei 1985 Mikhail Gorbachev alianzisha vita dhidi ya pombe. Uzalishaji wa vodka ulipunguzwa, bei ikapanda, saa za kuuza zikabanwa, na mashamba ya mizabibu huko Moldova na Georgia yakang'olewa. Umri wa kuishi wa wanaume ulipanda haraka mno, ukafika karibu 65 mwaka 1987. Si hospitali zilizoupandisha. Wanaume waliacha kuanguka kwenye barafu, kugongwa, kuchomana visu na kufa kwa moyo baada ya wikiendi ya kunywa bila kula.

Halafu? Watu walianza kupika gongo yao, inayoitwa samogon, kiasi kwamba sukari ilitoweka madukani. Hazina ilikosa kodi ya pombe wakati bei ya mafuta imeanguka. Kampeni ikafifia, Muungano wa Kisovyeti ukavunjika, vodka ikawa rahisi kuliko wakati wowote, ajira zikapotea. Kufikia 1994 umri wa kuishi wa wanaume ulikuwa miaka 57 na kitu. Karibu miaka saba ilipotea katika miaka saba, bila vita kuu na bila tauni.

Wapo waliolaumu ubepari wa ghafla peke yake. Wapo wanaosema sehemu ya vifo vya miaka ya 1990 ni deni: wanaume ambao kampeni iliwaokoa mwaka 1986 hawakuacha kunywa, walicheleweshwa tu, na pombe iliporudi ikawachukua kwa pamoja. Nadhani wote wawili wana sehemu ya ukweli, na hoja ya deni ni ya kuheshimu kwa sababu inaeleza kwa nini kupanda na kushuka vilifuatana namna ile. Kilichokuja baadaye kinasaidia kuamua. Kuanzia 2006 Urusi ilibana tena, safari hii kwa kodi, kwa kufuatilia pombe kutoka kiwandani hadi dukani, kwa bei ya chini kabisa ya vodka na kwa kupiga marufuku mauzo ya usiku. Shirika la Afya Duniani liliripoti kwamba unywaji ulishuka kwa asilimia 43 kati ya 2003 na 2016. Wanaume wakafika miaka 68 hivi kabla ya korona. Hakuna mashamba yaliyong'olewa.

Wakenya wataikumbuka hapa Sheria ya Mututho ya mwaka 2010, iliyopewa jina la mbunge aliyeipigania, iliyoruhusu baa kufungua saa kumi na moja jioni siku za kazi. Ilichekwa, ilikwepwa, na askari wengine waliigeuza mradi wa kuchuma. Lakini wazo lake halikuwa la kilokole. Saa za kuuza na bei ndivyo vitu viwili ambavyo, nchi baada ya nchi, vimeonekana kupunguza vifo vya pombe. Mahubiri na mabango barabarani havina rekodi kama hiyo. Tatizo letu linabaki chang'aa na gongo, ambazo haziulizi saa wala kodi, na anayepandisha bei ya bia bila kuzifikiria atakuwa amewahamisha wanywaji tu.

Kisha kuna Marekani, nchi inayotumia takriban asilimia 17 ya pato lake lote kwa afya, kuliko taifa lolote tajiri. Umri wake wa kuishi ulikuwa karibu 79 mwaka 2014, ukaganda, ukashuka kidogo, korona ikausukuma hadi 76 na kitu mwaka 2021, na ndiyo kwanza umerudi karibu na ulikokuwa. Costa Rica, yenye kipato cha mtu mmoja kisichofika robo ya Mmarekani, ilikuwa imeipita kabla ya korona.

Jibu la haraka ni kwamba Wamarekani wanakula vibaya na bima yao ni ghali. Kweli, lakini rudi kwenye watoto wetu kumi. Marekani inawatibu vizuri wazee wenye saratani. Tatizo ni wanaokufa wakiwa na 30 na 40. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 madaktari walishawishiwa kuandika dawa kali za maumivu zenye uraibu wa afyuni, kisha waraibu wakahamia heroini, kisha ikaja fentanili, iliyo kali kuliko heroini. Kwa mwaka 2021, 2022 na 2023, kila mmoja, zaidi ya watu 100,000 walikufa kwa kuzidisha dawa za kulevya. Ongeza bunduki na magari. Wachumi Anne Case na Angus Deaton walionyesha mwaka 2015 kwamba vifo vya Wamarekani weupe wa umri wa kati, hasa wasio na elimu ya chuo, vilikuwa vikipanda wakati vya wenzao Ulaya vikishuka. Mashine za mamilioni za hospitali hazirudishi miaka 45 ya mtu wa miaka 33 aliyekufa chooni kwa kuzidisha dawa.

Costa Rica ilivunja jeshi lake mwaka 1948, na watu hupenda kusema fedha za bunduki zikaenda kwenye afya. Maelezo hayo ni matamu kupita kiasi. Lililo na uzito zaidi ni kwamba kuanzia katikati ya miaka ya 1990 nchi iligawanywa katika maeneo ya watu elfu nne au tano hivi, kila eneo likapewa timu yake: daktari, muuguzi msaidizi, na mhudumu anayezunguka nyumba hadi nyumba akiwa na orodha ya kila familia. Mwenye presha asipokuja kliniki, anafuatwa. Chanjo na presha viko kwenye begi moja.

Chumvi, sigara na siagi

Hilo la presha ndilo linalotuhusu kuanzia sasa. Nchi ikishaokoa watoto na kutuliza vifo vya vijana, miaka inayofuata hutoka kwa wenye 50 na kuendelea, na huko adui ni kiharusi, moyo, kisukari na saratani. Ni miaka ya taratibu zaidi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanaume wa Karelia ya Kaskazini, mkoa wa mashariki mwa Finland, walikuwa wakifa kwa moyo kuliko karibu watu wote waliopimwa duniani. Walikuwa wakata miti wenye nguvu, wanaokula siagi, nyama ya nguruwe na chumvi, na kuvuta sigara. Wananchi wenyewe walipeleka ombi serikalini, na mwaka 1972 mradi ukaanza chini ya daktari kijana, Pekka Puska. Timu yake ilitumia muda mwingi nje ya hospitali. Walikwenda kwa vyama vya akina mama kubadilisha mapishi, kwa watengeneza soseji kupunguza mafuta, kwa maduka ya vyakula, kwa viwanda vya maziwa vilivyowachukia waziwazi. Wafugaji walisaidiwa kulima matunda madogo ya porini. Katika miaka 35 vifo vya moyo kwa wanaume wenye miaka 35 hadi 64 vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Kuna jambo ambalo wasifiaji wa Karelia hulipitia haraka: Finland nzima nayo ilishuka karibu kiasi hicho. Kwa hiyo mradi ulifanya kazi, au upepo ulikuwa unavuma tayari? Sehemu ya jibu ni kwamba mradi uliigwa kitaifa baada ya miaka mitano ya kwanza, hivyo mkoa wa kulinganisha ukatoweka. Sera za afya mara nyingi haziachi nyuma ushahidi safi, na anayekuambia "nchi fulani ilifanya hivi ikapata vile" ana wajibu wa kukuonyesha majirani wa nchi hiyo walipata nini bila kufanya hivyo.

Japani ilipita njia hiyohiyo kwa chumvi. Kiharusi kiliongoza vifo huko kuanzia 1951 hadi 1980. Kampeni za chumvi, vipimo vya presha vijijini, bima kwa wote kuanzia 1961, na friji, ambayo haitajwi vya kutosha, vilikishusha. Mwenye friji hahitaji kuzamisha samaki na mboga kwenye chumvi ili zipite majira ya baridi.

Sasa tuje nyumbani. Tafiti za Tanzania mwaka 2012 na Kenya mwaka 2015 zilikuta takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha, na wengi wao hawakuwa wakijua. Afrika Kusini ilitunga sheria mwaka 2013, ikaanza kutumika 2016, ya kupunguza chumvi kwenye mkate, soseji na vyakula vingine vya viwandani. Sheria nzuri, na kila kongamano la afya hapa kwetu humpata mtu wa kupendekeza tuinakili. Ningesita. Afrika Kusini watu wengi wanakula mkate wa kiwandani kila siku. Kwetu chumvi nyingi inaingia jikoni: kwenye mboga na maharage yanayopikwa nyumbani, kwenye vile vipande vya kiungo cha mchuzi, kwenye ng'onda na papa mkavu, kwenye kikopo kinachokaa mezani kwa mama lishe karibu na pilipili. Sheria ya mkate itamgusa mtu wa mitaa ya wenye nacho, Masaki na Westlands, zaidi kuliko wa Mbagala. Huenda chumvi yenyewe, ile ya pakiti, ndiyo ibadilishwe kwa kuchanganywa potasiamu. Jaribio kubwa la vijijini China lililotangazwa 2021 lilipunguza viharusi kwa njia hiyo. Tumeshawahi kubadilisha chumvi ya nchi nzima kwa kuiwekea madini joto, kwa hiyo njia tunaijua.

Waziri wa afya peke yake hawezi mengi kati ya hayo. Kodi ya sigara iko kwa waziri wa fedha. Ushuru wa mafuta ya mawese yanayoingia bandarini na bei ya sukari viko huko huko. Kofia ya abiria wa bodaboda iko polisi. Hospitali mpya ya rufaa ina utepe wa kukata na jiwe la kuandikwa jina. Kifaa cha kupima presha kinachofanya kazi katika zahanati ya kata hakina sherehe.

Nani anawahesabu

Katikati ya miaka ya 1990, Wizara ya Afya ya Tanzania pamoja na shirika la utafiti la Canada, IDRC, walianza mradi uliojulikana kwa kifupi kama TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Hawakuleta fedha nyingi, hazikufika dola moja kwa mtu kwa mwaka. Walileta hesabu. Watu walipita nyumba hadi nyumba kuandika nani amekufa, kisha wakawahoji wafiwa dalili zilivyokuwa ili kukisia chanzo. Huko Morogoro ikaonekana kwamba malaria ilikuwa ikibeba takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai inayopotea, na bajeti ya wilaya ya 1996 ilikuwa imeipa karibu asilimia 5. Timu za wilaya zilihamisha fedha zilezile kuelekea kwenye vifo vyenyewe: matibabu kamili ya mtoto mgonjwa, vyandarua. Katika miaka mitano iliyofuata vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Vituo vya namna hiyo vimekuwepo pia kwingine, Ifakara, Kilifi, Kisumu, na mitaa ya Korogocho na Viwandani jijini Nairobi. Nje ya maeneo hayo tunakisia. Vifo vya watoto tunavijua kwa sababu tafiti za kaya huwauliza mama wamezaa wangapi na wangapi wako hai. Mwanamume wa miaka 45 hana anayeulizwa habari zake namna hiyo. Akifia kijijini anazikwa kesho yake, na cheti cha kifo kitatafutwa siku ndugu watakapohitaji mirathi au fedha zilizoko benki. Asiye na mirathi hana cheti.

Urusi iliporomoka hadharani. Kila kifo kilikuwa na karatasi, na wataalamu waliona mstari ukishuka mwaka kwa mwaka hata kama serikali haikutaka waone. Kama wanaume wa mkoa mmoja wa Tanzania wangeanza mwezi ujao kufa kwa presha au kwa gongo mara mbili ya kawaida, umri wa kuishi unaotajwa redioni usingetikisika, kwa sababu sehemu yake ya watu wazima hukadiriwa kwa vielelezo vya hesabu na kwa maswali ya sensa kuhusu waliofariki katika kaya. Sensa ya mwisho ilikuwa 2022. Kwa utaratibu wa kila miaka kumi, inayofuata ni ya 2032.